Nani Astahili Kushika Silaha?

Tarehe 24 Mei 2022, katika mji mdogo wa Uvalde, jimbo la Texas, nchini Marekani, kijana wa miaka 18 aliingia katika shule ya msingi iitwayo Robb akiwa na bunduki ya mtindo wa kijeshi. Akawaua watoto 19 na walimu wao wawili. Ulimwengu mzima ulihuzunika. Lakini habari iliyozidi kuichoma mioyo ya wazazi ilikuja kujulikana baadaye. Polisi wa kwanza waliingia katika jengo lile dakika chache tu nyuma ya muuaji. Walipoukaribia mlango wa darasa walipigwa risasi, nao wakarudi nyuma. Kisha wakangoja. Zilipita dakika 77 tangu walipofika hadi mlango ulipofunguliwa na muuaji akauawa. Kamati ya Bunge la Texas ilipochunguza jambo hilo ilihesabu askari 376 wa idara mbalimbali waliofika pale. Humo darasani mtoto alipiga simu kwa kunong'ona, akiwasihi polisi waje. Kumbe polisi walikuwa wamekwisha kuja, nao walikuwa wamesimama ukumbini, hatua chache kutoka alipojificha.

Huenda msomaji akatuuliza: Hayo ni mambo ya Marekani, nchi yenye bunduki nyingi na desturi zake, yatuhusu nini sisi? Twamjibu kwamba kilio cha mzazi hakina mpaka. Tena, Afrika Mashariki nayo imekwisha kuonja uchungu huu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha walikivamia Chuo Kikuu cha Garissa, nchini Kenya, wakati wa alfajiri, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Miongoni mwa marehemu walikuwamo pia askari polisi na wanajeshi waliokufa kazini. Hata hivyo kikosi maalumu kilichotoka Nairobi kilichukua saa nyingi kufika, na wananchi wa Kenya waliuliza kwa uchungu sababu ya kukawia huko. Kwa hiyo swali hili ni letu pia, ingawa leo twalitazama hasa kule Marekani, ambako limejitokeza mara nyingi na kwa uwazi mkubwa.

Swali lenyewe lina sehemu mbili. Ya kwanza: Je, mlinzi ana wajibu wa kuingia hatarini, hata kama huenda akapoteza uhai wake, ili kumwokoa mtoto asiye wake? Ya pili: Je, ni haki kumnyima kijana silaha kwa sababu ya umri wake tu? Aghalabu watu huyajadili mambo haya mbalimbali, hili likiwa la polisi na lile la Bunge. Sisi twaona kwamba yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni huu: silaha ni dhamana. Aliyeishika anashika maisha ya wengine mkononi mwake, na kwa hiyo yawapasa watu kumwuliza, kabla hajaishika na baada ya kuishika, kama anastahili.

Tuanze na mlinzi. Wahenga wetu walisema: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii haikutungwa na wapumbavu. Inatufundisha kwamba mtu anayejihadhari hurudi kwa watoto wake, na anayejitosa katika kila ugomvi huwaachia jamaa zake matanga. Basi je, wale askari wa Uvalde hawakuifuata hekima hiyo? Nao pia walikuwa na wake, waume na watoto waliowangoja jioni.

Lazima tuseme wazi kwamba hofu si kosa. Mtu asiyeona hofu yoyote mbele ya bunduki huenda hana akili timamu. Mungu ametuumba tukiupenda uhai, na hatuwezi kumlaumu mtu kwa sababu magoti yake yametetemeka. Tena methali ile yamfaa mpita njia, asiye na wajibu mahali pale wala asiyeahidi lolote. Lakini mlinzi si mpita njia. Aliomba kazi ile mwenyewe, akafundishwa, akavikwa sare, akapewa silaha na mshahara kutoka mfuko wa watu wote, naye akaapa. Hakuna aliyemlazimisha. Kama aliona moyoni kwamba hawezi, alikuwa na siku zote za maisha yake za kukataa: siku ya kuomba kazi, siku ya kuapa, na kila asubuhi alipofunga mkanda wake. Haifai kungoja mpaka watoto wanalia ndani ndipo akumbuke kwamba kazi hii haimfai.

Tena kuna jambo zito zaidi. Siku ile, nje ya shule ya Robb, akina baba na akina mama walitaka kuingia wenyewe, bila silaha, wakawatoe watoto wao. Askari wakawazuia. Pengine amri ya kuwazuia ilikuwa na sababu, maana watu wengi wasiofundishwa wakiingia ovyo huongeza idadi ya wafu. Lakini tufikiri maana yake. Anayemzuia baba asiende kumwokoa mwanawe amejitwika kazi ya baba yule. Amemwambia: Kaa hapa, nitakwenda mimi. Akiisha kusema hivyo, kisha naye asiende, amemnyang'anya mtoto walinzi wawili: yule aliyelipwa na yule aliyemzaa.

Wako watakaosema kwamba kungoja kulikuwa busara ya kiaskari. Hapo zamani ndivyo ilivyodhaniwa. Tarehe 20 Aprili 1999, katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado, vijana wawili waliwaua wenzao na mwalimu mmoja. Polisi wa siku zile walikuwa wamefundishwa kuizingira nyumba na kukingoja kikosi maalumu, nao walifanya kama walivyofundishwa. Mwalimu yule aliyejeruhiwa alitokwa damu kwa muda wa zaidi ya saa tatu kabla ya kufikiwa. Kwa ajili ya msiba ule mafundisho yakabadilishwa: tangu hapo polisi wa Marekani hufundishwa kwamba pale mtu anapoendelea kuua watoto, askari wa kwanza kufika na aende alipo muuaji mara moja, bila kuwangoja wengine. Kwa hiyo wale wa mwaka 1999 twaweza kuwahurumia, kwani walitii somo lililokuwa na kasoro. Lakini wale wa mwaka 2022 walikuwa wamelipata somo jipya, lililonunuliwa kwa damu ya watu wa Columbine.

Haki yatutaka pia tuseme kwamba kosa la Uvalde halikuwa la mtu mmoja. Wachunguzi walieleza kwamba hapakuwa na kiongozi aliyeshika amri. Kwamba muuaji alidhaniwa kuwa mtu aliyejifungia tu, wala si mtu aliye katikati ya kuua. Na kwamba muda ulipotea katika kutafuta funguo za mlango ambao huenda haukufungwa kwa ufunguo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Pale walikuwapo manahodha wengi sana, na usukani haukushikwa na mtu. Hii ni hatari ya kila kundi kubwa: kila mmoja hutazama uso wa mwenzake, na akiuona umetulia hudhani yuko mwingine anayejua la kufanya. Lakini wingi wa wenye lawama haumwondolei mtu fungu lake. Dhamiri haigawanywi kwa 376.

Kwamba jambo lile lingewezekana kufanywa vizuri, twalijua. Tarehe 27 Machi 2023, huko Nashville, jimbo la Tennessee, mtu mwenye silaha aliingia katika shule ya Kikristo iitwayo Covenant, akaua watoto watatu na watu wazima watatu. Polisi walipofika hawakukawia. Waliingia, wakapita chumba kwa chumba, wakaufuata mlio wa risasi, wakamwua muuaji. Tangu simu ya kwanza ilipopigwa mpaka mwisho haikutimia nusu saa. Ilikuwa robo saa hivi. Nao pia walikuwa na jamaa waliowangoja nyumbani. Nao pia, bila shaka, waliona hofu. Tofauti ni kwamba waliichukua hofu yao wakaingia nayo ndani.

Je, sheria yasemaje? Hapa wasomaji wengi watashangaa. Mwaka 1999, katika mji wa Castle Rock, Colorado, mama mmoja aliwaomba polisi mara kadhaa wamtafute mumewe waliyetengana naye, aliyewachukua binti zao watatu kinyume cha amri ya mahakama. Polisi hawakumtafuta, na watoto wote watatu wakauawa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo ikaamua mwaka 2005 kwamba Katiba haikumpa mama yule haki ya kuwadai polisi waitekeleze amri ile. Vilevile, tarehe 14 Februari 2018, watu 17 waliuawa katika shule ya Marjory Stoneman Douglas, mjini Parkland, jimbo la Florida, na askari aliyewekwa kuilinda shule ile alibaki nje. Alishitakiwa kwa kosa la kuwatelekeza watoto. Mwenyewe alijitetea kwamba hakuweza kutambua risasi zilitoka wapi. Na mwezi Juni 2023 raia walioketi kuiamua kesi walimwona hana hatia.

Hatuwahukumu majaji wala raia wale. Mahakama hupima kama sheria iliyoandikwa imevunjwa, na ni vema isipite hapo, maana hakimu anayemfunga mtu kwa kosa lisiloandikwa ni hatari kuliko mwoga. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba sheria ya nchi ni sakafu tu ya nyumba. Haikuwekwa iwe dari. Jambo lisiloadhibiwa na mahakama halijawa jema kwa sababu hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba kujilinda si haki tu, bali kwa yule aliyekabidhiwa maisha ya wengine kulinda kwaweza kuwa wajibu mzito. Wala hatuna haja ya vitabu vingi kulijua hili. Mchunga mbuzi wa miaka kumi alijua tangu zamani tofauti iliyopo kati ya mwenye kundi na kibarua: huonekana siku anapokuja chui.

Sasa twende kwenye swali la pili, la umri. Muuaji wa Uvalde alipokuwa na miaka 17 aliwaomba watu wasiopungua wawili wamnunulie bunduki, nao wakakataa. Sheria ilimzuia. Kisha ikafika siku ya kuzaliwa kwake, akatimiza miaka 18, na mnamo siku chache akanunua dukani bunduki mbili, kwa njia halali, pamoja na risasi nyingi. Tujiulize: siku zile chache zilibadilisha nini ndani yake? Chuki yake haikupungua, wala akili yake haikukomaa. Kilichobadilika ni tarehe tu, na mlango ukafunguka. Kadhalika muuaji wa Parkland, aliyekuwa na miaka 19, alikuwa amenunua bunduki yake kwa halali akiwa na miaka 18.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 1968 iliwakataza wafanyabiashara wenye leseni kumwuzia bastola mtu asiyetimiza miaka 21, lakini bunduki ndefu ikaruhusiwa kwa mwenye miaka 18. Pengine waliotunga sheria ile walifikiri bunduki ndefu ni ya mwindaji na mkulima. Baada ya msiba wa Parkland, Florida iliinua umri huo uwe miaka 21 kwa silaha zote za moto, mwaka ule ule wa 2018. Mwezi Juni 2022, mwezi mmoja baada ya Uvalde, Bunge la Marekani halikuinua umri, bali liliagiza kwamba mnunuzi aliye chini ya miaka 21 achunguzwe zaidi, pamoja na mwenendo wake wa utotoni. Majaji nao hawakupatana: mwaka 2025 mahakama moja ya rufani iliithibitisha sheria ya Florida, na mahakama nyingine ya rufani iliona kwamba kuwakataza vijana wa miaka 18 hadi 20 kununua bastola ni kinyume cha Katiba.

Wanaopinga kuinua umri wana hoja mbili ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza husema: Kijana wa miaka 18 aweza kuandikishwa jeshini na kufa kwa ajili ya nchi yake, yawezekanaje aaminiwe bunduki vitani na asiaminiwe nyumbani? Hoja hii yapendeza masikioni, lakini itazameni vizuri. Askari kijana hapewi bunduki aende nayo apendako. Huamshwa alfajiri na kufundishwa mwezi baada ya mwezi. Bunduki yake huhesabiwa na kufungiwa ghalani. Risasi zake huhesabiwa. Juu yake yupo koplo, na juu ya koplo yupo sajini, na wote humtazama. Akionyesha hasira ya ajabu, hunyang'anywa. Jeshi haliuamini umri wa kijana. Laamini mafunzo na usimamizi. Kijana wa Uvalde hakuwa na koplo. Alikuwa na chumba chake, huzuni yake na fedha zake.

Hoja ya pili husema: Vijana wengi mno ni wema, kwa nini waadhibiwe kwa kosa la wachache? Twajibu kwamba kungoja si adhabu. Nchi ile ile, kwa sheria ya mwaka 1984, iliyashurutisha majimbo yake yasimruhusu kununua pombe mtu asiyetimiza miaka 21, wala hakuna kijana anayedhani ametiwa gerezani kwa hilo. Padre hungoja miaka mingi kabla ya kupewa daraja. Daktari hungoja kabla ya kushika kisu. Bwana harusi hungoja hata posa ikubaliwe. Kila dhamana kubwa ina kipindi chake cha kungoja, na kungoja kwenyewe ni sehemu ya malezi.

Wengine watatukumbusha methali isemayo: Mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake ni kwamba akijikata atajifunza, na maneno ya wakubwa yatamwingia. Ni mafundisho mazuri kwa wembe, kwa kuwa wembe humkata yeye aushikaye. Bunduki haifundishi hivyo. Anayeililia ni mmoja, na wanaokatwa ni wengine, wasiokuwapo wakati wa kuililia.

Lakini tusijidanganye kwamba tarehe ya kuzaliwa peke yake itaziponya shule. Muuaji wa Nashville alikuwa na miaka 28. Sheria ya umri isingemgusa. Tarehe 14 Desemba 2012, katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, kijana wa miaka 20 aliwaua watoto 20 na watu wazima sita kwa silaha alizozinunua mama yake kwa halali, baada ya kumwua mama huyo nyumbani. Polisi walifika shuleni hapo dakika chache tu baada ya kuitwa, na bado walichelewa. Na tarehe 30 Novemba 2021, katika shule ya Oxford, jimbo la Michigan, mvulana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wanne kwa bastola aliyonunua baba yake siku nne tu kabla yake. Mwaka 2024 mahakama iliwatia hatiani baba na mama yake, kila mmoja kwa zamu yake, nao wakahukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15.

Mambo haya yatuonyesha kwamba ulinzi wa mtoto una milango mitatu. Wa kwanza ni wa nyumbani, nao ufunguo wake uko kwa mzazi. Wa pili ni wa duka, nao ufunguo wake uko kwa sheria. Wa tatu ni mlango wa darasa, na hapo husimama askari. Milango miwili ya kwanza ikiachwa wazi, si haki kumtupia askari lawama yote, kana kwamba msiba ulianza alipofika yeye. Wala si haki askari kusema: Wengine waliacha milango wazi, basi nami sina lawama. Kila mtu ana mlango wake, na ataulizwa juu ya mlango huo, si juu ya mlango wa jirani.

Basi wasomaji wetu, tusiishie kuwahurumia watu wa mbali. Katika nchi yetu wako wenye gobore za kuwindia, na wako wenye bastola za kulinda mali. Baba mwenye silaha na ajiulize leo jioni: Imefungiwa wapi, na nani ajua ulipo ufunguo? Mama anayemwona mwanawe amejitenga, hali chakula na wenzake, na maneno yake yamejaa visasi, asingoje mpaka aambiwe na mwalimu. Na amkalishe amsikilize. Na sisi ambao hatuna silaha yoyote, lakini tumekabidhiwa watoto wa watu, tukiwa walimu, wasimamizi wa mabweni, madereva wa mabasi ya shule au walinzi wa usiku, tujue kwamba tumekwisha kuahidi, hata kama hatukuapa mbele ya hakimu. Shule za bweni zimewahi kuungua katika nchi zetu, na penye moto wa usiku swali ni lile lile la Uvalde: Nani ataingia?

Hatujui kama sisi wenyewe tungeufungua mlango ule, na haifai mtu aliyeketi salama kujisifu ushujaa ambao hajajaribiwa. Lakini kutojua huko kusitufanye tuite jambo baya kwa jina zuri. Waliongoja walikosea. Twalisema bila chuki, ili yule atakayesimama kesho mbele ya mlango kama ule awe amekwisha kuamua, tangu siku ya kiapo chake, kwamba yeye ataingia.